Alamu ya wizi kwenye nyumba yenye mbwa na paka ndani

SWALI: Tunakaa Tabata, Dar es Salaam. Mwaka jana tulifunga alamu ya wizi: kihisi mwendo kimoja sebuleni, kingine koridoni, swichi ya sumaku kwenye mlango wa mbele na king'ora juu ya kibaraza. Tuna paka wawili, na mbwa wa kilo 28 ambaye hulala ndani. Alamu inalia ovyo, mara usiku wa manane, mara tukiwa kazini. Fundi alipunguza ukali wa vihisi lakini hali ni ile ile. Kampuni ya ulinzi imeanza kututoza kila gari lao linapokuja bure, na majirani wametuchoka. Sasa tumeizima kabisa. Je, tuchague alamu au wanyama?

JIBU: Dada, asihamishwe mtu hapo. Alamu na wanyama vinakaa nyumba moja bila ugomvi, ila si kwa mpangilio mliofungiwa. Alamu yenu inamsubiri mwizi mpaka afike sebuleni ndipo ilie, na sebuleni ndiko mbwa na paka wanakoishi. Mlango wa mbele tu ndio wenye swichi. Mlango wa jikoni na madirisha yote hayana kitu. Nyumba yenye wanyama ndani inataka kinyume chake: mwizi ajulikane anapogusa mlango au nondo za dirisha, na kihisi cha ndani kiwe ngome ya pili, kiwekwe mahali ambapo wanyama hawafiki.

Kabla ya kubadilisha chochote, hakikisheni kwanza kwamba mkosaji kweli ni mnyama. Kibao cha namba karibu na mlango kina kumbukumbu ya matukio: kila alamu ilipolia, mtambo uliandika tarehe, saa na eneo lililoiamsha, ambalo mafundi huliita zoni. Mwambieni fundi awafungulie, au mfuate kijitabu cha mtambo. Ajabu ni kwamba mafundi wengi hushika bisibisi kabla ya kusoma kumbukumbu hiyo, wakati majibu yote yamo humo.

Mkikuta alamu ilitoka kwenye zoni ya mlango wa mbele, paka hahusiki. Mlango wa mbao hujaa maji wakati wa masika na kukauka kiangazi, na sumaku iliyokuwa karibu na swichi inasogea. Swichi nyingi za kawaida huvumilia pengo la sentimita mbili hivi. Likizidi hapo, upepo tu ukiusukuma mlango, mtambo unaamini mlango umefunguliwa. Mkikuta saa za king'ora zinalingana na saa umeme wa TANESCO ulipokatika au kurudi, tazameni betri. Ndani ya sanduku la mtambo kuna betri ya volti 12, mara nyingi ya ampea-saa 7. Ikiwa mpya, mtambo mdogo unaokula robo ampea unaweza kukaa nayo kama siku nzima. Lakini betri hizi hudumu takriban miaka mitatu hadi mitano, na joto letu huzizeesha mapema zaidi. Ikichoka, kila umeme ukiyumba vihisi vinazima na kuwaka upya, na mtambo unapiga kelele. Mbwa hapo hana kesi.

Halafu kuna mjusi kafiri. Huyu ndiye mtuhumiwa ambaye vitabu vya mitambo vilivyoandikwa Ulaya havimtaji, na kwetu pwani yumo kila ukuta. Anafuata wadudu wanaokuja kwenye taa, anapita juu ya lenzi ya kihisi, na kwa kuwa yuko pua kwa pua nayo, mwili wake mdogo unaziba sehemu kubwa ya kile kihisi kinachokiona. Wengine huingia ndani ya kihisi kabisa, kupitia tundu la waya. Sisimizi nao hupenda humo kwa sababu ya uvuguvugu wa saketi. Dawa ni nyepesi: tundu la waya lizibwe kwa silikoni, kihisi kihamishwe mbali na taa inayowaka usiku, na lenzi ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Msipulizie dawa ya mbu juu yake.

Sasa tuseme kumbukumbu imewaonyesha sebule, tena sebule, na umeme haukukatika. Hapo ndipo tunamrudia mnyama, na inabidi mwelewe hicho kidude cha ukutani kinaona nini.

Kihisi mwendo cha kawaida hakirushi kitu chochote. Kinapokea tu mionzi ya joto, isiyoonekana kwa macho, ambayo kila mwili huitoa. Ndani yake kuna kipande chenye nusu mbili zilizofungwa kwa kupingana. Joto la chumba kizima likipanda pole pole, nusu zote mbili zinahisi sawa na kufutana, kwa hiyo kimya. Lenzi ya plastiki iliyo mbele inakigawa chumba katika miale kama vidole vilivyotanuliwa, mingine ikielekea mbali, mingine ikielekea sakafuni. Kitu chenye joto tofauti na ukuta ulio nyuma yake kikitoka kwenye mwale mmoja na kuingia mwingine, nusu moja inashtuka kabla ya mwenzake, na hiyo ndiyo ishara ya mwendo.

Kwa hiyo kihisi kinapima tofauti ya joto. Joto lenyewe halikihusu. Mchana wa Februari, nyumba imefungwa na bati limepata moto, ukuta wa sebule unaweza kukaribia kabisa joto la ngozi ya mtu, na mwili wa binadamu karibu upotee machoni mwa kihisi. Vihisi vizuri hujiongezea ukali vyenyewe chumba kinapopata joto ili kufidia hilo. Ndiyo maana kihisi kilichokuwa mpole Julai kinaweza kuwa mkorofi Februari bila mtu kukigusa. Pia kitu kinachokatiza mbele ya kihisi huonekana upesi kuliko kinachokijia moja kwa moja. Paka wawili wanaofukuzana sebuleni kutoka ukuta hadi ukuta wanafanya hasa kile ambacho kihisi kiliundwa kukikamata.

Fundi wenu alipunguza ukali. Namwelewa, kwa sababu ndiyo skrubu iliyo karibu. Lakini ukali ukishuka unashuka kwa wote. Kihisi kinachohitaji ishara nyingi zaidi kabla ya kulia kitamsamehe paka anayepita, na kitamsamehe pia mwizi anayetembea taratibu, hasa katika joto hilo la Februari. Mtalala mkidhani mna ulinzi. Afadhali kihisi kisiwepo kuliko kiwepo na kiwe kipofu.

Yapo makampuni yanayotengeneza vihisi maalumu kwa nyumba zenye wanyama, na kwenye boksi huandikwa kwamba kinavumilia mnyama wa hadi kilo 25, vingine kilo 36. Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa zao. Kihisi hakina mizani. Kinachopima ni ukubwa wa eneo lenye joto na kimo chake kutoka sakafuni, na mtengenezaji akaona ni rahisi kumweleza mnunuzi kwa kilo. Ahadi ile ina sharti: mnyama awe sakafuni, na kihisi kiwe kimefungwa kwa kimo kilichotajwa. Paka wa kilo nne akisimama juu ya mgongo wa kochi, mita moja na nusu kutoka kwenye kihisi, anaonekana mkubwa kuliko mbwa wenu akiwa amejinyoosha upande wa pili wa chumba. Paka akipanda kabati la vyombo au friji, ahadi yote imekwisha. Kwa mbwa, msomeni mtengenezaji vizuri: kilo 28 zimeshapita 25, na vihisi vingine huhesabu uzito wa wanyama wote kwa pamoja. Kwenu ni cha kilo 36 au zaidi, la sivyo hakuna haja.

Mtauziwa pia kihisi cha njia mbili, kinachounganisha joto na mawimbi ya mikrowevu, na muuzaji atawaambia hicho ndicho cha wanyama. Si lazima kiwe. Hicho hulia pale tu njia zote mbili zinapokubaliana. Ni kizuri sana kwa pazia linalopeperushwa na feni, na kwa jua linaloingia na kutoka dirishani. Ila mbwa ana joto na anatembea, kwa hiyo njia zote mbili zitamkubali. Tafuteni chenye sifa zote mbili kwa pamoja: njia mbili, na kiwe kimeandikwa waziwazi kwamba ni cha wanyama. Sebule yenye feni ya dari kama nyingi za Dar, hicho ndicho ningekichagua.

Ufungaji wake ndio unaoharibu hata kihisi kizuri. Vihisi vya wanyama vingi hutakiwa kuwekwa kati ya mita 2.1 na 2.4 kutoka sakafuni, vikilala sawa ukutani. Mafundi wamezoea kuvitia kwenye kishikio kinachozunguka na kuviinamisha chini kidogo, maana kwa kihisi cha kawaida hilo halina neno. Kwa kihisi cha wanyama ni kukiua: miale iliyopangwa ipite juu ya mgongo wa mbwa sasa inashuka na kumpiga ubavuni. Kama fundi anatoa kishikio hicho mfukoni, mwambieni akirudishe. Kisielekezwe kwenye ngazi, kwa sababu paka anayepanda ngazi anapanda pia kuingia kwenye miale ya juu. Kisielekezwe kwenye kochi wala meza ya chakula. Mara nyingi kona iliyo upande wa kochi, ikitazama njia ya kutoka mlangoni kwenda vyumbani, inatosha.

Na kuna bei yake, ambayo muuzaji haitaji: kihisi kinachomwachia mbwa kupita sakafuni kinaweza kumwachia na mtu anayetambaa. Ndiyo sababu nasema kisiwe tegemeo la kwanza.

Tegemeo la kwanza ni ganda la nyumba, na hapa ndipo ningewashauri mtumie sehemu kubwa ya fedha. Kila mlango wa nje uwe na swichi ya sumaku, wa jikoni ukiwa wa kwanza. Mlango wa nyuma huwa na kitasa dhaifu na hauonekani kutoka barabarani. Kama mna milango ya chuma au grili, msikubali swichi ndogo za plastiki za kubandika. Chuma kinakula nguvu ya sumaku na swichi inayumba. Zipo nzito zilizotengenezwa kwa milango ya chuma, zenye uwezo wa pengo kubwa zaidi. Swichi za namna hii haziwajui paka wala mbwa. Mlango umefungwa au umefunguliwa, basi.

Kwenye madirisha, mengi yanategemea dirisha lenyewe. Ya alumini ya kusukuma yanakubali swichi ya sumaku kwenye fremu. Lakini wengi wetu tunalala madirisha wazi kwa ajili ya hewa, tukitegemea nondo na wavu wa mbu, na dirisha lililo wazi haliwezi kulindwa kwa swichi inayotaka lifungwe. Hapo dawa ni kihisi cha mtetemo, kinachofungwa kwenye nondo zenyewe. Mwizi wa nondo huleta msumeno wa chuma au jeki ya gari ya kuzipanua, na vyote viwili huitikisa fremu kwa namna ambayo kihisi kinaisikia kabla mtu hajaingiza hata bega. Ukali wake urekebishwe paka wakiwepo: paka anayeruka kutoka kizingitini hutikisa kidogo mara moja, msumeno hutikisa mfululizo, na vihisi vingi vya aina hii vinaruhusu kutofautisha mtikisiko mmoja na mingi. Nimeona vikifungwa kwenye nondo ambazo paka hupitia kila siku. Dirisha hilo moja liachieni paka, liwekewe ulinzi mwingine.

Kuna pia vihisi vya sauti ya kioo kinachovunjika. Vinasubiri mshindo mzito ukifuatwa papo hapo na mlio mkali wa vipande, kwa hiyo mbwa akibweka havimjali. Havina faida kwa nyumba za zamani zenye madirisha ya luva, ambako kioo kinachomolewa kimoja kimoja bila kuvunjwa. Na kihisi kile chembamba kinachotazama kama pazia mbele ya dirisha, msikifunge upande wa ndani penye kizingiti. Paka wote duniani wanapenda kizingiti cha dirisha.

Ganda likikamilika, lugha ya alamu yenyewe inabadilika. Mitambo karibu yote ina namna mbili za kuwashwa: ya kutoka, ambapo kila kihisi kinafanya kazi, na ya kubaki, ambapo milango na madirisha vinalindwa lakini vihisi vya ndani vinapumzishwa. Kama kumbukumbu inaonyesha kwamba hata usiku mkiwa mmelala kihisi cha sebuleni kilikuwa kinafanya kazi, bila shaka mmekuwa mkiwasha kwa namna ya kutoka. Usiku washeni ya kubaki. Mbwa azunguke atakavyo, paka wapigane watakavyo, na mtu akigusa mlango wa jikoni king'ora kinalia naye akiwa bado nje. Hili peke yake, bila kununua kitu, lingeondoa kelele zenu za usiku wa manane, ila msilitegemee mpaka mlango wa jikoni na madirisha vimefungiwa vihisi. Leo mkiwasha ya kubaki mtakuwa mnalinda mlango mmoja.

Mchana mkiwa kazini mna njia mbili. Ya kwanza, na ndiyo ninayoipenda, ni kuwatengea wanyama sehemu ya nyumba. Kihisi cha joto hakioni kupitia ukuta, mlango uliofungwa wala kioo. Mbwa na paka wakibaki jikoni na baraza la nyuma lililozungushiwa wavu, kihisi cha koridoni kinaweza kuwa cha kawaida kabisa, chenye ukali wake wote. Angalieni hewa na maji tu. Chumba kilichofungwa chini ya bati mchana wa kiangazi kinaua mbwa, na hakuna televisheni yenye thamani hiyo. Ya pili, kama hamuwezi kuwafungia, mwambieni fundi aitenge sebule kwenye mpangilio wa mchana na abakize kihisi koridoni, kwenye mlango wa vyumba vya kulala ambao mtaufunga mkitoka. Mwizi anatafuta vyumba vya kulala: fedha, vito, kompyuta. Atapita hapo tu.

Baada ya kufunga, msimwache fundi aondoke kabla ya majaribio. Mtambo unawekwa katika hali ya kujaribiwa, king'ora kikiwa kimezimwa, na taa ndogo ya kihisi inawaka kila kinapoona mwendo. Mbwa aitwe kwa chakula kutoka kila pembe, arushiwe mpira. Paka aachwe apande anapopandaga, nanyi mnapajua. Kisha fundi mwenyewe atembee taratibu, halafu atambae. Rudieni jaribio hilo mchana wenye joto, siyo jioni tu. Kama taa inawaka kwa mbwa, kihisi kihamishwe. Skrubu ya ukali iguswe mwisho kabisa.

Mtaulizwa kuhusu kamera. Za siku hizi nyingi zinatofautisha umbo la mtu na la mnyama kwa kiasi kizuri, na picha inayokuja kwenye simu inawasaidia kumwambia mlinzi kama aje au asije. Zile za zamani zinazoshtuka kwa picha kubadilika tu zitawaita kwa kila mdudu anayerukia taa. Kamera iwe shahidi. Kazi ya kuamsha alamu waachieni milango na madirisha, ambavyo havimalizi bando.

King'ora chenu cha nje kiko sawa. Mkiongeza cha ndani, kumbukeni vingi hufikia desibeli 110, na masikio ya mbwa na paka ni makali kuliko yetu. Kisiwe chumba wanacholala, na muda wa kulia uwekwe dakika tatu hadi tano, usiwe mpaka mtu aje kukizima. Mbwa aliyepagawa kwa kelele ataruka hata kupitia wavu.

Kuhusu kampuni ya ulinzi: waiteni waone mabadiliko, na waombeni wapige simu kwanza inapotokea zoni ya ndani peke yake, lakini waje moja kwa moja inapotokea mlango au nondo. Makampuni mengi yanakubali mpango huo kwa sababu safari za bure zinawagharimu na wao. Waambieni waziwazi pia kwamba kuna mbwa wa kilo 28 ndani, jina lake, na anakolala. Askari anayeingia usiku na rungu kwenye nyumba asiyoijua, akakutana na mbwa aliyetishwa na king'ora, mmoja wao ataumia. Na namba ya jirani au ndugu mwenye ufunguo, ambaye mbwa anamjua, iwe imeshaandikwa kwao kabla hamjaiwasha alamu tena.